Ukurasa wa Mkunga

Mwanangu ofisini wanamwita Mama Buruta, na mimi mama yake mdogo niliyemlea sioni cha kuchekesha hapo. Kisa? Anatengeneza tovuti kwa kuburuta: picha anaivuta kwa kipanya, anaiweka anapotaka, maneno chini yake, basi. Wenzake wanaandika msimbo, ile lugha ya kompyuta, kwa mkono, alama kwa alama, halafu wanatembea kama wao ndio walioumba dunia. Hasa yule wanayemwita Profesa. Ana maringo huyo! Na mwanangu kuandika anajua, sana tu, kaandika miaka. Aliamua kuacha kwa sababu ya mkunga.

Mkunga huyo ana kliniki ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Ukurasa wake wa kwanza aliuandika Profesa, ukapendeza kweli, sikatai. Lakini namba ya simu ilipobadilika, mkunga hakuweza kuigusa, na Profesa yuko likizo. Mama mmoja akashikwa na uchungu, akapiga namba iliyokufa, akajifungulia kwenye teksi. Ndipo mwanangu akautengeneza upya kwa kuburuta, ili mkunga awe anaurekebisha mwenyewe.

Juzi nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta bosi amemsimamia mezani. Mkunga alikuwa kwenye benchi la wageni. Namba imebadilika tena, amekuja kupewa neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa wake mpya, maana alikuwa hajapewa bado.

"Futa huo mchezo wa kitoto," bosi akasema. "Profesa ataandika upya. Mteja akitaka kubadilisha hata nukta, aje kwetu."

"Na mtu akishikwa na uchungu kabla hajafika kwetu?"

"Hayo si yetu."

Profesa akacheka. "Kama kuandika kumemshinda, aseme tu tumsaidie."

Jamani, damu ilinichemka, nusura nimrushie ile miwani! Mwanangu hata hakumgeukia.

"Kuandika najua," akamwambia bosi. "Kumfungia mtu mlango wa nyumba yake ndiko sitaki."

"Ukimpa neno la siri, kesho usije."

Weee! Akainuka, akamsogezea mkunga kiti chake mwenyewe. "Dada, kaa hapa. Bonyeza hiyo namba. Ifute. Sasa andika mpya." Mkunga akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, bosi akihema nyuma yake. Alipomaliza, mwanangu akamwandikia neno la siri kwenye kiganja, kwa wino, mbele ya macho yao wote.

Mimi mambo ya kompyuta siyaamini mpaka nione. Nikatoa simu yangu, nikafungua ule ukurasa, nikapiga namba niliyoikuta pale. Mkoba wa mkunga ukaita, ofisi nzima ikasikia. Akaipokea hapohapo, amekaa kwenye kiti cha mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi.

"Haloo," akasema. "Nipo."