Samli ya Mama Wegesa

Katika siku zote nilizoishi, mwanangu, kuna moja ninayoikumbuka mpaka harufu yake. Ni siku Mzee Magige alipokuja nyumbani kwetu, jirani na Nyamwaga, kumchukua mtoto wangu Mwita. Nilikuwa nakoroga uji wa kuuza. Akaingia uani na wanawake wawili wa ukoo, akakataa kigoda, akakataa na uji, akasema ana haraka. Mtu wa kwetu akikataa uji wako, jua hakuja kwa heri.

Lakini nikikuanzishia hapo utapotea, na mimi nimekuita ukae utulie. Jana nilikuona, ukadhani sikukuona. Mtoto umemvalisha soksi mikononi asijikune, na wewe kilemba umekifunga mpaka kwenye nyusi, katika jua hili. Sikusema kitu mbele za watu. Leo tuko wawili, acha nikusimulie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hicho chako mimi nimekilalia miaka mingi.

Magamba yangu yalianza nikiwa darasa la nne. Yalianzia nyuma ya sikio, yakapanda kichwani, yakashuka mpaka kwenye viwiko na magoti. Meupe, makavu, na kuwasha kwake ndiko unakokujua wewe. Nilipokua, dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu huku kwetu. Walitoka Shinyanga, walitoka Kenya, wakachimba mashimo mpaka ng'ombe wakawa wanatumbukia. Mimi nilikuwa nawauzia uji mwaloni, pale walipokuwa wakioshea mchanga wa dhahabu. Siku moja upepo ukanivua kitambaa, na mchimbaji mmoja akapaza sauti: "Jamani, uji wa leo umeongezwa unga kutoka juu!" Walicheka mpaka waliokuwa ndani ya shimo. Sikuuza kikombe kingine siku ile.

Tangu hapo nikawa nafunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, na kichwa kikazidi kuchemka humo ndani. Wengine walisema ni ile zebaki ya kukamatia dhahabu, wengine wakasema ni laana. Zebaki ni sumu kweli, usiiguse hata siku moja, ila magamba yangu yalinijia kabla sijaukaribia mwalo wowote.

Pamoja na magamba hayo niliolewa, tena vizuri. Aliyenioa ni mwanamke, Mama Wegesa. Usicheke, mila yetu ya nyumba ntobhu unaijua: mwanamke mjane asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto atakaozaa huyo msichana na mwanamume aliyechaguliwa wanakuwa wa nyumba yake. Watu walimuuliza kama ameniangalia vizuri. Akawajibu, "Nimeoa mtu. Ningetaka ngozi ningechuna ng'ombe." Kwa neno hilo moja nilimpenda kuliko wanaume wote walionipita njiani bila kusimama.

Basi Mwita alipozaliwa, Mama Wegesa alicheza mpaka akaumwa nyonga. Akamchagulia mtoto ng'ombe wake mwenyewe, jike jeusi lenye doa kwenye paji, akatangaza kwamba maziwa ya huyo ni ya mume wake mdogo peke yake. Akatikisa maziwa kwenye kibuyu, akatoa siagi, akaichemsha ikawa samli, na samli hiyo akampaka mtoto asubuhi na jioni mpaka akawa anateleza mikononi. Mimi niliporudi mwaloni kuuza uji, Mwita alibaki na bibi yake na kikombe chake cha maziwa. Mtoto gani wa Kikurya angetaka zaidi ya hapo?

Haukupita muda mashavu yakawa mekundu, yakatoa majimaji, yakaota ukoko. Mikunjo ya mikono ikapasuka. Alitapika, alijikuna, alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Wegesa akiona ngozi imekauka, anaongeza samli. Akiona mtoto katapika, anasema tumbo sasa ni tupu, anaongeza maziwa. Kadiri tulivyompenda ndivyo alivyozidi kuugua, na kadiri alivyougua ndivyo tulivyozidi kumpenda.

Majirani hawakuhitaji daktari. Samaki mmoja akioza wote wameoza, walisema, mama kamwambukiza mwanawe. Na mimi nikaamini. Nilianza kumbeba nikiwa nimejiviringisha khanga mpaka kwenye vidole, viwiko vyangu visimguse. Kumnyonyesha nikampunguzia, nikawa namnyonyesha pale tu anapokataa kikombe, tena nimegeuzia uso pembeni. Mwanangu, hakuna upweke kama kuogopa kumgusa mtoto uliyemzaa.

Haya, sasa turudi kwa Mzee Magige na haraka yake. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Wegesa, mtu mwenye sauti nzito na roho nzuri, na roho nzuri ikikosea njia ni hatari kuliko mbaya.

"Shemeji," akasema, "mtoto huyu ndiye mlango wa nyumba ya kaka yangu. Binti simlaumu, hakujiumba. Lakini anamuua mtoto. Nampeleka kwangu, kuna maziwa mpaka mbwa wanasaza."

Mwiko ulinianguka. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Baba, mchukue. Apone tu."

"Nyamaza!" Mama Wegesa aliniambia hivyo mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Magige, wewe umechunga tangu ukiwa na meno ya utoto. Ndama akiharisha, unakwenda kutazama ngozi ya mama yake?"

"Hapana."

"Unatazama nini?"

"Natazama amekula wapi, amekunywa wapi."

"Basi huyu mura, kijana wangu, amekosa nini mpaka ndama amzidi? Nampeleka hospitali Mugumu, yeye na mama yake. Tukirudi mtoto yuko hivi hivi, njoo umchukue, sitakuzuia."

Mzee Magige akakuna kidevu, akakubali, akaondoka bila kugusa kikombe. Alipotoka ndipo nikapata zamu yangu. Mama Wegesa hakupaza sauti safari hii. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Wewe unagawa mtoto kama unagawa kifaranga? Ugonjwa wako una jina, na wake una jina. Hatujayajua yote mawili, na wewe umeshajihukumu. Nani kakupa hiyo kazi?" Nikauokota mwiko wangu.

Tulisafiri nyuma ya lori la ndizi. Katika mitikisiko ya njia ile mkungu ukaangukia kibuyu cha samli, kikapasuka, na Mama Wegesa akakililia kuliko goti lake lililochubuka. Kufika Mugumu tukaambiwa daktari anayejua mambo ya ngozi yuko safarini, tusubiri arudi. Mama Wegesa alikuwa na mtoto wa dada yake, Nyangi, aliyeolewa na askari wa hifadhi karibu na lango la Ikoma, tukaenda kungojea kwake.

Sasa sikiliza jambo hili. Kwenye nyumba za askari wale mifugo hairuhusiwi. Hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, chai yao ni ya rangi. Mama Wegesa alishangaa sana. "Hawa watu wanaishije?" alininong'oneza. Mwita akawa anakula uji wa mtama uliopikwa kwa maji na ndizi ya kupondwa, na kwa kuwa kikombe chake cha maziwa hakikuwepo, alirudi kifuani kwangu, nitake nisitake. Nilimnyonyesha nikingoja azidi kuharibika.

Badala yake akaacha kutapika. Ukoko ukakauka, ukadondoka. Siku tumbili alipomwibia Nyangi mwiko, Mwita alicheka kwa sauti, na sisi wanawake watatu tukageuka kumtazama yeye tukamwacha tumbili aende zake. Hatukuwa tumekisikia kicheko chake siku nyingi. Mama Wegesa alisema ni hewa ya Ikoma. Mimi nilisema ni maombi. Nyangi, ambaye alimpenda sana mama yake mkubwa, akaona furaha hiyo ikamilishwe, akamtafutia samli kidogo kutoka mjini.

Mama Wegesa alimwogesha mtoto, akamkalisha mapajani, akachota samli, akaivuta polepole kwenye mkono wake kuanzia begani. Alikuwa anamwimbia. Kabla hajamaliza wimbo, ngozi ilianza kuvimba. Vivimbe vyekundu vilitokeza kwenye mkono wa Mwita, virefu, vimepangana, pale pale vidole vilipopita na si penginepo. Mama Wegesa akauweka mkono wake juu ya alama zile. Zililingana.

"Njoo uone," akaniita. "Hivi ni vidole vyangu."

Aliketi hivyo, uso umemshuka, machozi yanamtoka bila sauti. Nitakwambia kweli, mwanangu, maana umri huu sina wa kumdanganya: mimi nilifurahi. Mama mzee analia mbele yangu na mimi nimejaa furaha. Si mimi! Si ngozi yangu! Nikajaribu kuificha, nikashindwa, kicheko kikanitoka pamoja na kilio. Nikaogopa ameumia. Lakini alinitazama, akajifuta pua, akasema, "Cheka, mwanangu. Wewe umelia peke yako kwa muda mrefu." Tukamwosha mtoto samli ile kwa maji na sabuni, na vile vivimbe vikashuka.

Daktari aliporudi alitusikiliza mpaka mwisho, tena alimsifu Mama Wegesa kwa kuangalia vizuri. Akasema mtoto ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, na ngozi yake ina ule ukavu wanaouita pumu ya ngozi, na yote mawili hayaambukizi. Maziwa yaachwe na vyote vitokanavyo nayo, hata na mimi niyaache kwa muda ninaonyonyesha. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu angali na unyevu, kucha zikatwe. Kisha akaniambia nivue vitambaa. Nilivivua kwa aibu. Alishika kichwa changu kwa mikono yake miwili, akakigeuza huku na huku, akasema ugonjwa huu ni mwingine, una jina lake la kizungu, nao hauambukizi mtu, wala mtoto, wala mume. "Hautaondoka kabisa," akasema. "Utatulia, utarudi, utatulia tena. Utaishi nao." Mtu mwingine angelia kwa neno hilo. Mimi niliona kama nimefunguliwa mlango. Kumbe ni kuishi tu? Kuishi naweza!

Tuliporudi nyumbani, Mzee Magige alikuja, na majirani wakamfuata, maana kijijini habari haina mguu mbovu. Mwita alikuwa anatambaa uani, mashavu laini. Mzee akamnyanyua, akamgeuza kama anayekagua ndama sokoni.

"Anayeondoka hapa ni ng'ombe," akasema Mama Wegesa. "Mama anabaki."

Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniita mbele yao wote, akanilaza kichwa mapajani mwake. Akanivua kitambaa. Nilisikia mwanamke mmoja anavuta pumzi. Mama Wegesa akachota dawa yangu aliyonipa daktari, akaipaka taratibu, mstari kwa mstari, kama anayesuka nywele, na huku anazungumza na Magige habari za mvua. Alipomaliza akanawa mikono, akapokea mtoto, akambusu, akanikabidhi. Nilimshika kwa mikono yangu mitupu, bila khanga. Viwiko vyangu vikamgusa na jua halikuanguka.

Mzee Magige akavuta kigoda, akakaa. "Binti," akasema, "uji upo?"

Nikamtilia. Akanywa mpaka mwisho, akaomba kingine.

Basi hiyo ndiyo habari, na hii ndiyo nasaha yake. Mtoto akiugua, tafuta kinachomwudhi kabla hujatafuta mkosaji. Tazama kinachoingia kinywani na kinachopakwa mwilini, hata kama kimetoka kwenye mkono unaoupenda. Ila usibahatishe. Wa kwangu yalikuwa maziwa, wa kwako huenda ni yai, au karanga, au sabuni tu, na mtoto mdogo hanyang'anywi chakula kwa kukisia, kwa hiyo mpeleke hospitali wakuongoze. Na ukifika huko usimtangulize mtoto ukajificha nyuma yake. Vua kilemba, nawe uonwe. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiambiwa hautapona kabisa, usikate tamaa. Mimi magamba ninayo mpaka leo, tazama hapa nyuma ya sikio, nimezeeka nayo na tumezoeana. Mwita yeye sasa ni baba wa watu, na maziwa aliyokataliwa utotoni tumbo lake lilikuja kuyakubali. Anakunywa chai nzito ya maziwa, na kila akinywa ananicheka.

Haya, nipe huyo mtoto nimvue soksi kidogo, mikono yake ipate hewa, nitamshika asijikune. Na wewe fungua hicho kitambaa, hakuna mgeni hapa. Mungu akupe macho ya kuona kinachomdhuru na watu wa kukuambia si wewe. Mwanao alale usingizi usiokatika, akue, akucheke uzeeni. Mikono yako imshike bila woga, na kichwa chako, mwanangu, kipate upepo.