Siku Mashine Ilipokikataa Kichwa Changu

Jamani, kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeoshwa nywele kwenye sinki la maabara, mbele ya maprofesa watatu, na aliyeniosha ni mwanasayansi.

Kaeni mkao wa kusikiliza, maana mimi nikianza kusimulia siruki kitu.

Nina mjukuu wa kike, mtoto wa binti yangu. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akila chakula changu na kumsifia yeye.

Huyu binti kasomea ubongo. Hapasui watu, hapana. Yeye anausikiliza tu.

Ana kofia ya kitambaa kama zile za kuogelea, ina vitundu vingi, na kila kitundu kina kidude cha chuma chenye waya. Ukivalishwa, ubongo wako unajichora mistari kwenye kompyuta.

Siku moja akaja nyumbani, kainamisha uso.

"Bibi, nahitaji kichwa chako."

"Halafu mimi nibaki na nini? Shingo?"

Akacheka, kisha akanieleza. Kuna mpango wa kuwainua wanasayansi wa ubongo wanaoanza kazi, hasa wale ambao watu wa aina yao hawaonekani sana maabara. Ukichaguliwa unapewa profesa wa kukulea na nafasi ya kufanya utafiti wako. Jopo la maprofesa lilikuwa linakuja kumwona akifanya kazi.

"Na ukikosa?"

"Mkataba wangu unaisha. Narudi dukani kwa mjomba kuuza simu."

Nikamwangalia. Na hasira zile za mjomba wake! Nikasema kichwa hicho hapo, chukua.

Sasa, hoja yake ilikuwa hii. Wanaopimwa ubongo ni vijana wa chuo, nywele zao laini. Wazee hatuitwi. Na wenye nywele nyingi za kipilipili, chuma hakifiki kwenye ngozi, basi wanaambiwa ahsante, nendeni zenu.

Yeye alikuwa amebuni namna ya kusuka mistari, ngozi ibaki wazi pale tu chuma kinapokaa. Akanichorea kwenye karatasi nimpelekee msusi. Msusi akaigeuza juu chini, akaguna, akasuka. Ikatoka sawasawa.

Asubuhi ya siku yenyewe nikajitazama kwenye kioo. Kichwa kikavu kama kifuu!

Niende hivyo kwa maprofesa? Waseme binti huyu hana kwao?

Nikachukua mafuta. Nikapaka. Nikaona bado, nikapaka tena mpaka nikang'aa.

Maabara ilikuwa na baridi na kiti kimoja kizuri, nacho kilikuwa changu. Jopo limekaa mbele, mwenyekiti wao profesa wa kike, mama mtu mzima aliyefunga kilemba. Mkuu wa maabara, bosi wa mjukuu wangu, alikuwa anatazama saa kila akimeza mate.

Nikavishwa kofia. Kila kitundu kikatiwa ute wa kushikisha chuma. Mashine ikawashwa.

Lahaula! Mistari ya kompyuta ikaruka kama kuku aliyechinjwa.

"Bibi, usiongee."

"Sijaongea."

"Basi usitafune."

"Nitafunie nini, na meno nimeyaacha nyumbani?"

Akaingiza kidole chini ya kofia. Kikateleza. Akakinusa.

"Bibi... umepaka mafuta?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kichupa."

Hakunigombeza, maana hakuwa amenikataza, na mimi sikuwa nimeuliza. Lakini chuma hakishiki penye mafuta.

Bosi akasogea, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mimi na masikio yangu haya niliisikia: "Mtoe bibi. Mweke fundi wa umeme. Haraka."

Mlangoni alikaa fundi wa umeme, wamemweka akiba, kanyoa upara unamwaka kama taa.

Nikashika mikono ya kiti ninyanyuke. "Acha nitoke, mke mwenzangu. Usiharibikiwe kwa ajili yangu."

Mkono wake ukanikalia begani. "Kaa, bibi."

Akawageukia wale wakubwa.

"Waheshimiwa, hiki mlichokiona ndicho kinachotokea kila siku. Nywele zikisumbua, anatolewa mwenye nywele. Nikimtoa bibi yangu leo, nitakuwa nimewadanganya kwa kila nilichoandika. Naomba mnisubiri nimwoshe."

Bosi akafunika uso.

Profesa wa kilemba akasema, "Tunasubiri."

Basi nikainamishwa kwenye sinki. Maji ya uvuguvugu, povu mpaka masikioni, akasugua kila mstari bila kufumua hata mmoja. Huku nyuma nikamsikia fundi wa umeme:

"Kwa hiyo mimi nimenyoa bure? Mke wangu kanicheka siku nzima!"

Jopo zima likacheka. Hata bosi.

Nikakaushwa, nikavishwa upya. Safari hii mistari ya kompyuta ikatulia.

"Bibi, fumba macho."

Nikafumba. Nikasikia watu wakisema "aaah!" na viti vikisogea. Kumbe ukifumba macho ukatulia, ubongo unatoa mawimbi makubwa, ya polepole.

Nami nitakubali kukosa? Nikafumbua nione. Yakapotea!

"Bibi!"

Nikafumba. "Aaah!" Nikafumbua jicho moja. Hamna kitu. Mpaka leo mawimbi yangu wameyaona watu wote isipokuwa mimi.

Bosi akakohoa. "Samahani, muda aliopewa ulishapita."

Mjukuu wangu akatazama chini. Mimi tayari nikamwona dukani kwa mjomba.

Yule profesa akasimama. Akaanza kufungua kilemba, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Chini yake zikatoka nywele za kipilipili, nyingi kuliko zangu, zimeshikana kama msitu.

"Nilipokuwa na umri wako," akamwambia, "waliniondoa kwenye kiti kama hicho. Wakanipa kazi ya kuwavisha wengine. Nimepima vichwa mpaka nimekuwa profesa, na changu sijawahi kukiona."

Akanipa mkono, akaniinua kwa heshima, akakaa yeye.

"Huyo msusi wenu anapatikana wapi?"

Mke mwenzangu nafasi aliipata, na mlezi wake ni huyo huyo mama. Msusi naye sasa ana kiti maalumu, wakija vijana wa maabara na michoro yao anawaambia wateja wengine, "Subirini, nahudumia sayansi."

Wanangu mnaosoma hapa, kofia isipomtosha mtu, msikimbilie kutafuta mtu mwingine. Shoneni kofia nyingine.