Mzee wa Bado Ipo

Kazini walimwita Fundi Meno, na jina hilo likamganda hata majirani wakasahau kwamba ana jingine. Alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya kliniki, ukishapita stoo ya dawa na choo cha wafanyakazi, na dirisha lake moja lilitazama ukuta. Daktari alimletea taya za plasta zikiwa kwenye mifuko, yeye akapanga meno juu ya nta, akatengeneza fizi za rangi ya waridi, akasugua mpaka zikang'aa, kisha kazi ikarudi mbele bila yeye kumwona mwenyewe atakayeivaa. Kwa hiyo alivijua vinywa vya watu wengi ambao sura zao hakuzijua.

Siku moja, kwenye foleni ya benki, mama mmoja alicheka na mwenzake, na Fundi akayatambua yale meno. Yalikuwa kazi ya mikono yake kabisa, pamoja na lile la pembeni alilolipinda kidogo makusudi ili yasionekane ya dukani. Furaha ikamzidi, akamtabasamia yule mama kama ndugu yake wa tumbo moja. Yule mama akafumba mdomo na kuuhamishia mkoba wake bega la pili.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumsimulia kisa kile. Mkewe alikuwa amekwenda nje ya nchi kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alikwenda kwa miezi mitatu. Mtoto akawa na matatizo ya kifua, safari ikaongezwa. Binti akarudi kazini, ikaongezwa tena. Mimba ya pili ilipoingia, hata hilo neno la kuongeza likaacha kutajwa. Hawakugombana, wala hakuna aliyemwacha mwenzake. Watu wakimuuliza, "Mama hajambo?" alijibu, "Hajambo, anawasalimu," na mazungumzo yakaishia hapo. Kila Jumapili walipigiana simu ya picha. Fundi alionyeshwa paji la uso la mjukuu na dari ya jikoni, mkewe akamuuliza kama anakula, naye akasema anakula.

Redio kaseti yao ya tangu ujana ilipokata roho, nyumba ikawa kimya mpaka akawa anasikia friji ikiguna. Akamlalamikia dada wa mapokezi pale kliniki. Dada akachukua simu yake na kumwonyesha soko la mtandaoni.

"Humu watu wanauza kila kitu, Fundi. Mwingine anauza hata kitanda anacholalia."

"Na amplifaya?"

"Tele. Unaandika tu, 'Bado ipo?' Akisema ipo, unakwenda kuiona."

Mtu wa kwanza Fundi kumwandikia alikuwa muuza vitambaa aliyetaka kupunguza vitu sebuleni. Fundi alipiga pasi shati, akatia mfukoni waya wa kuunganishia simu, akaenda. Amplifaya ilikuwa na mvumo, na spika moja ilikuwa imechanika karatasi ya ndani. Lakini mke wa muuza vitambaa alileta chai, na muuza vitambaa mwenyewe akaeleza jinsi alivyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaibeba kichwani akiogopa kumwamini mchukuzi. Watoto wakagombania wimbo wa kupigwa. Mtu akasema, "Mzee wetu, sukari inatosha?" Fundi akakaa mpaka jua likaanza kulegea. Alipoaga alisema atawajulisha, na njiani akajikuta anaimba chini chini.

Hakuinunua, na sababu za kutoinunua alikuwa nazo. Lakini wiki iliyofuata, alipomwandikia mtu mwingine "Bado ipo?", moyoni alikwisha kujua kwamba si spika anayokwenda kuitazama.

Ikawa ndiyo Jumamosi zake. Alisikiliza muziki nyuma ya kinyozi, kati ya ndoo za maji na viti vibovu. Alisikiliza kwa muuguzi aliyekuwa na mtoto mchanga amelala, sauti wakaishusha mpaka ikabidi waweke viganja juu ya spika ili wajue kama inapiga. Alisikiliza kwa dereva mstaafu ambaye santuri ilipoanza kuzunguka aliangalia sakafu, akasimulia habari za mke wa kwanza, na wa pili akiwa jikoni. Fundi alikuwa amegundua kwamba mtu anayeuza redio yake hukupa maisha yake bila kuombwa. Yeye aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa unapenda kusikiliza nini humu?" Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kuitikia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila pale mgeni ndiye aliyekuwa anapona.

Bei hakuwahi kubishania. Alisema, "Acha nikafikirie," akavaa viatu vyake.

Siku za mwizi ni arobaini. Kulikuwa na seremala mmoja aliyekuwa akiuza spika ndefu mbili ambazo masanduku yake aliyachonga mwenyewe kwa mbao ngumu. Fundi alizipenda kweli, au labda aliipenda karakana ile yenye harufu ya gundi, na mke wa seremala aliyekuwa akiimba pamoja na muziki huku anapepeta mchele. Akaenda mara ya kwanza, akaenda na ya pili. Mara ya pili seremala akamuuliza, "Mzee, nikuwekee? Kuna mtu mwingine anazitaka." Fundi, asiyetaka siku ile iharibike, akasema, "Niwekee, mwanangu." Kisha hakurudi. Alikuwa amekwisha kuahidi kwenda kwingine.

Picha aliiona kwenye lile soko la mtandaoni mchana mmoja akila mkate kwenye meza yake ya kazi, taya za plasta zimemzunguka huku na huku. Ilikuwa ni yeye, amepigwa kwa ubavuni, ameshika kikombe, macho ameyafumba nusu kwa raha. Chini yake seremala alikuwa ameandika: "Wauzaji, jihadharini na huyu mzee. Anakuja, anakunywa chai, anasikiliza, anakwambia umwekee. Hanunui." Majibu yalikuwa mengi. Mmoja alisema, "Kwangu alikaa mpaka tukaona aibu kula bila yeye." Mwingine akaandika, "Huyo si Mzee wa Bado Ipo?" wengine wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Na mmoja akaandika, "Msicheke. Huenda anapeleleza nyumba zenu. Badilisheni makufuli."

Hilo la makufuli ndilo lililomchoma. Aliusoma mstari ule mpaka mkate ukakauka mkononi. Alipotoka jioni, dada wa mapokezi alikuwa akicheka na mtu, na kicheko kikakatika Fundi alipopita. Akajua kumbe naye ameiona.

Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani, na ile iliyofuata pia. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alikaza skrubu za viti vyote. Simu alikuwa ameigeuza kifudifudi juu ya meza kama karata mbaya. Mkewe alipopiga Jumapili, Fundi alisema anakula.

Lakini fikira za yule mnunuzi mwingine zilikuwa hazimwachi. Kunywa chai ya mtu si dhambi, aliwaza, ila kumzibia mtu riziki ni jambo jingine. Mwisho akatoa akiba yake benki na kumwandikia seremala: "Mimi ni yule mzee. Kama hujaziuza, nakuja kuzichukua." Jibu lilichelewa sana, nalo lilikuwa neno moja: "Zipo."

Seremala alikuwa peke yake karakanani. Alifuta mikono kwenye suruali na kusogeza kiti.

"Karibu mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai."

"Ile picha nimeshaifuta."

"Uliandika kweli tupu."

"Niliandika kwa hasira, mzee. Yule mtu nilimkatalia kwa ajili yako, na nilipomtafuta tena alikuwa ameshapata kwingine."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Fundi akamkabidhi bahasha. Seremala aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni bila kufungua.

"Huzisikilizi kwanza?"

"Nilishazisikiliza."

Wakasimama wakitazama spika kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa. Seremala akachukua kipande cha msasa, akaanza kusugua ubao ambao haukuhitaji kusuguliwa.

"Mzee, naomba nikuulize, usinielewe vibaya. Kwa muda wote ule, ulikuwa unatafuta nini?"

Fundi alikuwa amejiandalia jibu, lenye habari za nguvu ya umeme na ukubwa wa chumba. Likamponyoka.

"Kelele," alisema. "Zile za nyumba yenye watu."

"Huna watoto?"

"Ninaye mmoja. Yuko nje. Na mama yake yuko huko."

"Ah," alisema seremala, akaweka msasa chini. Mkewe hakuwepo, siku hiyo hakuna aliyeimba wala aliyeleta chai. Seremala alimsaidia kubeba mpaka kwenye gari la kukodi, akazifunga kwa blanketi kuukuu zisigongane, akamshauri asizibane na ukuta. Walipeana mikono. Hawakuonana tena.

Zile spika zilimfika Fundi kifuani. Alimpata mtu wa kumuuzia amplifaya ya kuziendesha, dukani safari hii, akafunga nyaya mwenyewe kwa vidole vilivyozoea kazi ndogo ndogo, akakaa kwenye kochi na kupiga wimbo ambao yeye na mkewe waliupenda kabla binti hajazaliwa. Ulikuwa mzuri kuliko alivyoukumbuka. Alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Kwa muda wa miaka yote hiyo hakujua kwamba ile pumzi ipo. Akageuka upande wa kushoto aseme, "Umesikia hiyo?" na upande wa kushoto kulikuwa na mto wa kochi. Alizima wimbo ukiwa katikati.

Jumapili mkewe alikunja uso kwenye kioo cha simu.

"Hayo makabati nyuma yako ni ya nini?"

"Si makabati. Spika."

"Makubwa hivyo? Unafungua ukumbi wa harusi?"

Kwa kawaida angecheka wakapita. Siku hiyo alishindwa kupita. Akamwambia yote, kuanzia kwa muuza vitambaa, mtoto mchanga na viganja juu ya spika, mpaka ile picha. Alipofika kwenye jina la Mzee wa Bado Ipo, mkewe aliangua kicheko, kile cha zamani cha kuinamia magoti, simu ikaonyesha dari. Ilipomwonyesha tena, alikuwa anafuta macho, na kicheko kilikwisha zamani.

"Mimi huku," alisema, "naingia dukani nachukua mche wa sabuni, naenda kumuuliza mtu bei. Bei imebandikwa hapo hapo, naiona. Nataka tu anijibu. Na akijibu nusu yake siielewi."

"Mbona hujaniambia?"

"Na wewe mbona ulikuwa unakula tu?"

Nyuma ya mkewe mtoto alikuwa analia, na sauti ya binti yao ikasema jambo kuhusu viatu.

"Mama," Fundi akasema. "Rudi nyumbani."

Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka. Alidhani halihitaji kutamkwa, kwamba mume mzima hawezi kumwita mkewe aache damu yake. Mkewe alitazama pembeni, kule mtoto aliko, kwa muda mrefu.

"Huyu mdogo akianza shule," alisema.

"Lini?"

"Mwakani, nadhani."

"Haya. Mwakani."

Mwaka huo ulifika, na kweli alikuja. Aliingia na masanduku ya zawadi, akalalamika kwamba nyumba imejaa vumbi la plasta, akasema spika zinampa kizunguzungu na bado akataka wimbo ule ule kila asubuhi. Usiku aliamka mara mbili mbili kuwafunika wajukuu ambao hawakuwepo. Mvua za mwaka huo zilipokwisha alianza kukunja nguo zake, polepole, bila kusema, na Fundi akamsaidia kufunga masanduku kwa kuwa alikuwa na mikono yenye nguvu zaidi. Kwenye uwanja wa ndege alimwambia, "Nenda salama, wasalimie," na mkewe akamwambia ale.

Ila ile desturi ya Jumapili waliivunja. Sasa wanapigiana siku yoyote, hata kukiwa hakuna la kusema. Fundi huegesha simu kwenye kopo la plasta, akachonga nta, mkewe huko akakunja nguo za watoto, na wakati mwingine kinapita kipindi kirefu bila neno, ila mashine ya kusugulia na maji ya bomba la mbali. Daktari aliwahi kufungua mlango akashangaa.

"Unaongea na nani, Fundi?"

"Na mama watoto."

"Mbona hamuongei?"

"Anakunja nguo," alisema Fundi, na daktari akafunga mlango taratibu.

Mara nyingi mtandao hukatika. Kioo hubaki cheusi, na chumba hurudi kuwa chumba cha nyuma chenye dirisha la ukuta. Fundi hufuta vumbi la plasta kwenye kioo kwa kiwiko, akaendelea kusugua meno ya mtu asiyemjua, na kusubiri upande wa pili upige tena.