Mpima Kahawa na Vinchi Vidogo

Mpima kahawa wa ushirika huupiga mzani makofi mawili, hulamba penseli, ndipo amtazame mtu. Redio ikitangaza mechi za kufuzu Kombe la Dunia, hufoka: "Nchi nzima watu wake hawafiki hata idadi ya Wapare, inafungwa tisa! Inacheza ya nini? Ikae nyumbani ilime!" Honorata amemsikia hivyo msimu mzima. Leo, gunia lake likining'inia mzanini, akamuuliza, "Na kijiji chetu cha ujamaa, mzee, chenye kaya thelathini? Jumapili Hedaru walitufunga ngapi?" Mpima akaificha mikono yake iliyochubuka, maana golikipa alikuwa yeye. "Kumi na moja," akasema. Akaupiga mzani kofi la tatu. "Lakini kona tulipata, Honorata. Na vigelegele vyako nilivisikia kule golini."