Swali la Mvua, Alama Tano

Hakuna jambo la duniani la kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa nikijisifu pia nina haki. Skuli niliiacha darasa la nne, nikaanza kubeba ndoo za dagaa pwani ya Tumbe nikiwa sijaota ndevu. Leo nina majiko sita ya kuchemshia na uwanja wa kuanikia ambao ukisimama ncha hii huutambui uso wa aliye ncha ile. Wanunuzi wa bara wananipigia simu mimi kabla hawajawapigia wake zao. Nimeona mtu akiuza mchanga kwa kilo, kautandazia dagaa juu. Nimeona bwana harusi akikimbia nikaha kwa baiskeli ya mkwewe. Yote hayo niliyatazama, nikaendelea kunywa chai.

Na kwa kuwa nimeona mengi, nyumbani mimi ndiye wa kuulizwa. Mtoto akiuliza, namjibu hapo hapo. Sijawahi kumwambia mwanangu "sijui." Mtu aliyejenga nyumba ya vyumba saba bila cheti atasemaje hajui?

Basi mwaka huu masika yalichelewa. Mihogo ya mashamba ya Ole ilijikunja majani, visima vikawa vya kusubiriana. Kwangu mimi, sina haja ya kuficha, jua lile lilikuwa neema. Dagaa walikauka kwa siku mbili badala ya nne. Ndipo binti yangu wa kidato cha pili aliporudi na karatasi ya mtihani wa sayansi, akaiweka mezani akaenda zake jikoni.

Mtoto huyu nilishamtangaza kuwa daktari. Kila barza ya Tumbe inajua. Kuingia darasa la mchepuo wa sayansi kunataka alama hamsini, na juu ya karatasi palikuwa na arubaini na saba. Kiingereza changu ni cha kilo na bei, lakini alama ya kosa kwa wino mwekundu haina lugha. Nikamwita.

"Hapa pana nini?"

"Swali la mvua, baba. Waliuliza mvua inatokea vipi. Alama tano."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu kwa amri yake, popote apendapo."

"Na hili jibu ndilo lililopewa sifuri?"

"Ndiyo, baba."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza mama yake kama amesikia, akasema amesikia, na kwamba chai inapoa. Mimi sikushangaa, maana nimekwisha kusema hakuna la kunishangaza. Nilikasirika, na hilo ni jambo jengine. Katika kisiwa hiki, mtoto amwandike Mungu kwenye karatasi apewe sifuri?

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mwalimu atatoa marudio ya lile swali wiki ijayo, kwa sote tuliokosa. Usende."

Nilikwenda kesho yake.

Mwalimu alikuwa msichana wa Kojani, hajafika miaka thelathini, na kitambo nilijua kuwa baba yake ni mwalimu wa chuo huko kwao, mtu aliyehifadhisha watoto Qur'ani miaka mingi. Nilimkuta chumba cha walimu, mbele yake karatasi rundo, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Kisha nikakaa. "Mwanangu, bati hizi zilizo juu ya kichwa chako, unajua nani kazitoa?"

"Najua, mzee wangu. Mungu akulipe. Hazivuji hata moja."

Jibu hili liliniharibia hotuba, maana nilikuwa nimeipanga ianzie kwenye bati. Nikaingia moja kwa moja. Nikamuuliza, yeye mtoto wa mwalimu wa chuo, ni nani aletaye mvua.

"Ni Mungu."

"Basi mbona umemkosesha mtoto wangu?"

"Sikumkosesha yeye tu. Kumi na wanne wameandika hivyo hivyo. Mmoja kaandika hivyo kwa jibu la figo."

Akavuta karatasi moja chini ya rundo, akalifunika jina kwa kiganja, akanisogezea. Kiingereza sikukisoma, lakini juu kabisa paliandikwa Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, nzuri, zilizonyooka, na mstari wa kwanza wa jibu la mvua ulikuwa na jina la Mungu pia. Pembeni, tano kwa tano.

"Huyu kamtaja Mungu kisha akaeleza. Jua linapiga bahari, maji yanapanda kwa mvuke, yanapoa, yanakuwa mawingu. Hata katika Qur'ani pepo zimetajwa na mawingu yametajwa, mzee wangu. Mimi sipunguzi alama kwa kumtaja Mungu. Natia alama kwa kilichoelezwa."

Nikaona hapa nitumie ujuzi wangu. Nikamwambia: mwalimu, hata mimi ni mtiaji alama, na sikufundishwa na mtu. Kwa siku napitisha magunia mia. Napiga konzi moja ya dagaa, naibana, nausikiliza mlio wake. Dagaa mkavu analia kama majani makavu. Nakata kichwa kimoja kwa meno. Hapo hapo nasema: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa kulishia kuku. Sijawahi kukosea.

Alinisikiliza kwa adabu zote, kalamu kaiweka chini. Halafu akasema, "Na akija mtu na dagaa waliolowa, akakwambia ni kadari ya Mungu, mvua ilinyesha?"

"Hao ndio wengi."

"Unampa bei ya wa kwanza?"

"Nampa bei ya kuku. Namuuliza, turubai lako lilikuwa wapi?"

"Na wewe unaamini kadari?"

"Miye? Miye ni Muislamu, mwanangu."

Hakucheka, na afadhali angecheka. Mwalimu mwengine aliyekuwa pembeni aliinamia mkoba wake akatafuta kitu ambacho nadhani hakikuwamo. Nikasimama. Nilimwambia suala hili nitalifikisha kwenye kamati ya skuli, ambayo mimi ni mjumbe wake, na Jumatatu alama zile zitabadilika.

"Kamati ni yenu, mzee wangu," alisema. "Karatasi ni yangu."

Nyumbani binti alisema neno moja tu wakati ananimwagia maji ya mikono: "Alama ukinipa wewe, nitakaaje darasani mbele ya wenzangu kumi na watatu?" Nilimjibu kwamba mtoto haoni mbali.

Jumamosi ilikuwa siku ya sala ya kuomba mvua. Shehe alikuwa ametangaza watu watoke wote, wanawake kwa wanaume, waende uwanjani, na baada ya sala pachinjwe ng'ombe tule pamoja. Ng'ombe nilimtoa mimi. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni kweli, na alikuwa dume mkubwa kuliko wa mwaka ule mwengine, ambaye pia alikuwa wangu.

Alfajiri ile dagaa walikuwa wametandazwa uwanja mzima, mzigo wa boti mbili, wamebakiza jua la siku moja. Lori lilikuwa linawangoja Jumatatu. Kina mama wanaonianikia niliwaambia leo hakuna kazi, twendeni sote tukaombe. Binti akanijia na kanga yake kichwani.

"Baba, tuwaanue kwanza?"

"Kwa nini?"

"Si tunakwenda kuomba mvua?"

"Tazama juu. Unaona wingu?"

"Juu sioni. Lakini usiku kucha pamekuwa na joto la mvuke, na upepo umegeuka, unatoka baharini. Mwalimu anasema..."

"Mwalimu wako anaanika dagaa?" nikamuuliza. Jua la siku moja lilikuwa na thamani yake, na dagaa ukiwarundika wakiwa hawajamaliza kukauka wanafanya ukungu. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Hata turubai sikutoa.

Nilisali safu ya mbele. Shehe alipoligeuza joho lake nje ndani, kama inavyofanywa katika sala hii ili Mungu aigeuze hali, na sisi tukageuza shuka zetu. Niliomba kwa dhati, naapa. Machozi yalinitoka. Niliomba mvua inyeshe kisiwa kizima, na kama moyoni nilikuwa nimeipangia ianzie Ole kwenye mihogo, hilo sikulitamka.

Nyama ilikuwa haijaiva. Upepo ulipita mmoja wa baridi, watu wakanyanyua nyuso, na mbingu ikafunga upande wa bahari. Kisha ikaja. Si manyunyu. Ilikuja kama mtu kapindua pipa. Wazee wakalia kwa furaha, watoto wakavua mashati, shehe kasimama katikati kafungua viganja, ndevu zinachuruzika. Na mimi, mtoa ng'ombe, kila mtu ananijia kunishika mkono.

"Alhamdulillahi, yakhe, dua yako imepokelewa."

"Alhamdulillahi," nasema.

Nani angekimbia pale? Ungewaambia nini watu, kwamba mvua uliyoililia dakika kumi nyuma huitaki? Nilisimama nikalowa, nikapokea mikono yote, nikatazama njia ya uwanja wangu kwa pembe ya jicho. Mama mmoja katika wanaonianikia, mtu mzima mwenye ulimi, alinipita akasema taratibu, "Bwana mkubwa, ng'ombe wako mzito. Kavuta mvua na dagaa pamoja." Wenzake wakaziba midomo kwa kanga.

Nilipofika, dagaa walikuwa wanaelea. Wengine wameteremka mtaroni kama wanarudi walikotoka. Nikakimbilia banda la majiko. Binti alikuwa kafika kabla yangu, kaokoa alichoweza kwa beseni, kakaa juu ya kigogo anahema. Jiko moja la kazi ya usiku lilikuwa bado lina moto wa chini, maji ya chumvi yanatokota, mvuke unapanda kwenye bati, na kwenye bati matone yanakusanyika, yananenepa, yanadondoka.

Alikuwa anayatazama. "Ndiyo hivi, baba," akasema. "Miaka yote nakaa humu ndani, sikuwahi kunyanyua kichwa."

"Ndiyo hivi nini?"

"Lile swali. Jiko ndiyo bahari. Bati ndiyo kule juu kwenye baridi." Akafuta uso. "Sikuwa na jibu siku ile. Niliandika lile kwa sababu sikujua."

"Na lile ulilitoa wapi?"

Akanitazama kwanza. "Kwako. Siku moja kabla ya mtihani nilikuuliza mvua inatokea vipi. Ukaniambia ni amri ya Mungu, popote apendapo, funga kitabu ukale."

Nikakumbuka. Nilikuwa nahesabu magunia, nikamjibu bila kugeuka, kama ninavyomjibu kila mtu. Nilikaa kwenye kigogo cha pili. Sifuri ile niliyoibeba hadi skuli, nikaipandisha juu ya bati zangu mwenyewe, ilikuwa sifuri yangu. Mwalimu alinitilia alama mimi, na alinitilia sawa. Hapo sasa, kama ni kushangaa, nilishangaa kidogo.

"Jumatatu kamati haitakaa," nilimwambia.

"Marudio ni Jumatano, baba."

"Basi nieleze tena. Toka mwanzo. Na mimi nikikuuliza, usiniruke."

Akanieleza mara tatu. Mara ya tatu nilimkamata mahali: kwa nini tone likiwa dogo halidondoki? Hakujua. Na mimi nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia, kwamba sijui, akamuulize mwalimu wake.

Mnunuzi wa bara alikuja na lori Jumatatu kama tulivyoagana. Alipiga konzi, akaibana, hapakuwa na mlio. Nilisikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Ni kadari ya Mungu, bwana. Mvua."

"Kadari haina shaka," akasema, akipangusa mikono. "Turubai lilikuwa wapi?" Akanipa bei ya kuku.

Jumatano binti alipata nne kati ya tano. Hamsini na moja jumla, na mchepuo kaingia. Alianza jibu na Mwenyezi Mungu kama mwanzo, kisha akaenda kwenye bahari, mvuke, baridi, wingu na tone. Moja aliikosa kwa lile suala la tone dogo, na mimi nadhani swali nililomuuliza lilikuwa zuri kupita kiwango cha skuli. Nilipokutana na mwalimu njiani alinisalimia kwanza. Nikamwambia alama zake ziko sawa, na kama chumba cha walimu kinataka bati nyengine aseme. Mtu aliyejijenga mwenyewe haoni taabu kumsifu mwenye kazi safi.

Barzani bado wananiambia, "Yakhe, ukitaka kuomba tena tupe habari mapema, tuanue nguo." Nawaachia wacheke. Visima vimejaa, mihogo ya Ole imesimama, na ng'ombe alikuwa wangu. Huyo simhesabu, nilimtoa kwa ajili ya Mungu. Katika gharama ya swali lile nahesabu dagaa tu, nikiondoa ile bei ya kuku niliyopewa, pamoja na maturubai mawili makubwa niliyoyanunua kesho yake baada ya lori kuondoka: shilingi milioni mbili, laki mbili, elfu tano na mia tano.