Mgongo wa Yaya na Mgongo wa Karani

Mgongo wa yaya, kaka yangu mkubwa, ulitugharimu mbuzi wanne, baiskeli, na kiwanja tulichokuwa nacho njia ya Nyunzu. Upasuaji ulilipwa na kampuni ya bandari. Sisi tulilipa treni mpaka Lubumbashi, chakula cha ndugu wa kumlinda mgonjwa, na kungoja.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Aliteleza kwenye ubao wa boti, gunia la mahindi begani. Hospitalini alilazwa pamoja na karani wa benki wa hapa hapa Kalemie, aliyeharibu mgongo kwa kukaa tu. Walipasuliwa na daktari mmoja, wiki moja. Karani aliandikwa mgonjwa wa asiransi, yaani bima. Yaya, mgonjwa wa kazi.

Miezi mitatu ikapita, karani akacheza dansi kwenye harusi. Yaya alikuwa angali ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Kampuni ilimpa nusu mshahara, mradi kila mwezi aende mwenyewe biro, ofisini kwao, kuonyesha mgongo. Majirani wakapata la kusema.

"Mugongo unalipwa, utapona namna gani?"

Mimi ni muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kila kitu nahesabu mara mbili. Siku ya biro nikamfuata kwa mbali. Kwenda, alisimama mara saba kupumzika. Nikasema moyoni: kurudi tutaona, atatembea kama askari. Kurudi alisimama mara kumi na moja. Mara ya tisa alishika ukuta wa nyumba ya watu, akalia bila sauti. Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na wa kumdanganya.

Jumapili karani alikuja kumsalimia. Nikamuuliza wazi dawa yake ilikuwa gani.

"Mama, mimi nilirudia kiti changu. Waliniongezea na muto. Yeye wanamungojea na gunia."

Kazi ya kukaa haikuwapo kwa mtu asiyejua kuandika. Nilienda kampuni kuiomba mwenyewe, nikabishana mpaka mlinzi akanionyesha mlango.

Mwezi uliofuata yaya alirudi na karatasi mbili, achague moja mpaka Ijumaa. Ya kwanza ilisema amepona, arudi kubeba. Ya pili ilimpa mshahara wa miezi sita, halafu kazi imekwisha, na mgongo ni wake. Alikuwa na watoto watano. Akazitandaza mezani, akaniomba nimsomee tena, polepole.

"Mudogo wangu," akasema, "wewe njo mwenye kujua kupatana bei. Nitie kidole kwa ipi?"