Suruali za Kufia Jukwaani

Fundi cherehani huyu alivuka mpaka kwa jambo moja tu: mjukuu wake amjue babu yake. Mumewe aliuawa vitani zamani, binti yao akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa binti huyohuyo kaolewa nchi ya pili, nchi ileile iliyowapiga. Mapenzi hayana macho, alisema mama mtu siku ya posa, akalia kidogo, kisha akamshonea bintiye shela.

Lakini tangu afike, kila akifungua kinywa kumtaja marehemu, binti humkatiza. "Mama, tafadhali. Si mbele ya mtoto. Mimi naishi na wakwe hapa."

Akaacha kumtaja. Na kwa kuwa hawezi kukaa bure, akapewa kazi: suruali za watoto wa shule kwa maigizo ya sikukuu ya taifa. "Zitoboe magotini," binti akamwambia bila kumtazama. "Na matakoni uweke viraka." Fundi akacheka. Maisha yote anaziba matundu, leo anaombwa atoboe! Akatoboa, tena kwa ufundi, akazichambua nyuzi za kingo zionekane zimechakaa kweli.

Siku ikafika. Uwanja wa shule, loo! Bendera hadi shingoni mwa mbwa. Watu wamelewa tangu asubuhi. Mwanamume mzima anatapika kando ya nguzo huku akiimba wimbo wa taifa, na hakuna anayeona ajabu. Mama mkwe wa bintiye, kidevu kinang'aa mafuta ya nyama, akamkabidhi kibendera. "Pepea, dada! Leo sote ndugu."

Akapepea. Mgeni atafanyaje?

Kisha watoto wakapanda jukwaani. Waliovaa buti zinazong'aa wakashangiliwa. Waliovaa suruali zake wakaingia wakitambaa, wakijikuna, wakidonoa chini kama kuku. "Maadui!" kikanguruma kipaza sauti, kikataja nchi ya fundi. Uwanja mzima ukazomea. Mbele kabisa alikuwa mjukuu wake, kapakwa masizi usoni. Akapigwa teke, akaanguka, akalia "Mama wee!" kwa lafudhi ya bibi yake, ileile aliyoiokota kwake wiki hizi. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Hasira fundi angeiweza, lakini hiki kilikuwa kinyaa, kama umemeza nzi na unamsikia kooni. Kinyaa kwa ile midomo iliyoachama, ptuu! Kinyaa kwa binti anayepiga makofi kwa ncha za vidole. Na zaidi ya vyote, kinyaa kwa mikono yake mwenyewe iliyoshona ule uchafu.

Mjukuu akaja mbio. "Bibi! Umeona nilivyokufa? Mwalimu kasema nimekufa vizuri kuliko wote!"

"Nimeona, mume wangu."

"Kwani wale maadui walikuwa watu gani?"

Binti akadakia. "Watu wa zamani tu. Haya, twende tukale."

"Mmoja wao alikuwa babu yako, baba wa mama yako," fundi akasema. "Na hakuwahi kumtambalia mtu."

Mtoto akamgeukia mama yake, akisubiri acheke, aseme Bibi anatania. Mama yake akainamisha uso.

"Kwa hiyo nilimwigiza babu?" mtoto akauliza. "Mbona ulikuwa unapiga makofi, Mama?"